Faili la Mwandulya

Mkuyuni, Mwanza
11 Agosti 1985

Kwa kaka yangu Mihayo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na mama naye ni mzima, isipokuwa goti lake la kushoto ambalo linamsumbua anapoinama kupalilia. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani huko Masasi, maana mwaka umepita tangu utuandikie, na ile ya mwisho ilikuwa na mistari michache tu pamoja na kitenge cha mama. Kitenge alikipenda. Anakivaa Jumapili tu, tena akirudi kanisani anakivua kabla hata ya kunywa maji. Wanafunzi wako hawajambo? Na wewe mwenyewe, homa zile za mwaka juzi zimekuachia? Mama ananiambia nikuulize kama umepata mchumba huko, nami nimekuuliza, ili asije akasema sikufikisha.

Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa mahali pa faragha, si darasani wala mbele ya walimu wenzako. Si ya msiba mpya, usishtuke. Lakini ina habari ambayo ni yako kuliko yetu sote.

Nianze na kazi. Bado nipo kwenye mradi wa maji hapa Mkuyuni, ila siku hizi sipigi taipu. Wafadhili walileta kompyuta mwaka jana, na Mdenishi mmoja akanifundisha kuitumia kabla hajaenda likizo kwao. Watu huja kuichungulia dirishani, kwa hiyo nikueleze ilivyo. Ni kama taipu iliyounganishwa na kioo cheusi. Ukibonyeza herufi, haichapwi kwenye karatasi bali inawaka rangi ya kijani ndani ya kioo. Chumba chake ndicho pekee ofisini chenye kiyoyozi. Mapazia hufungwa mchana kutwa, na viatu tunavua mlangoni kwa sababu ya vumbi. Umeme ukikatika, na hukatika sana, kioo kinazimika na chumba kinakuwa kimya mpaka nawasikia wauza samaki wakiitana huko barabarani.

Ndani ya mashine hiyo tuliingiza habari za visima na chemchemi zilizopimwa zamani, kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja: maji yako chini kiasi gani, yana chumvi au hayana, hukauka kiangazi au hayakauki. Kila mahali palikuwa na faili lake. Si faili la karatasi, ni jina tu linaloonekana kwenye kioo, ukiliita linafunguka. Majina yalikuwa yale ya zamani, kwa kuwa waliopima visima ndiyo waliyoyakuta. Basi kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya mahali ambapo hapana moshi tena. Siku moja nikafika kwetu. Mashine haikubali jina la herufi zaidi ya nane, na Mwandulya ina tisa. Nikaandika MWANDULY, nikajiona kama mtu aliyeita jina la mwenzake gizani akaishia katikati.

Mwezi wa Mei Ndugu Luhaga akaja na agizo. Huyu ndiye aliyekuwa mratibu wetu kwa upande wa serikali, mzee wa miaka hamsini na kitu, mpole, hapandishi sauti hata kwa madereva. Alikuwa na tabia moja ambayo ofisi nzima iliizoea: hapandi Landrover kabla hajazunguka nyuma, akafungua mlango na kutazama ndani. Madereva walisema anaogopa wezi. Basi akaniambia taarifa inakwenda wizarani, na kule hakuna anayeyajua majina hayo ya zamani, hivyo mafaili yote yapewe namba za usajili za vijiji vya sasa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana yabadilike yote kwa mkupuo mmoja, ili isilazimu kuyasoma moja moja.

Inawezekana. Kubadili jina la faili unaandika neno REN, unafuatisha jina la zamani, kisha jipya, unabonyeza kitufe, basi. Ukiwa na mafaili mengi, unaweza kuziandika amri zote mstari kwa mstari na kuziweka pamoja chini ya neno moja. Siku ukiliandika neno hilo, mashine inazisoma mwenyewe kutoka juu hadi chini, wala haikuulizi kitu. Nikaketi na orodha ya vijiji nikaziandika. Ilipofika kuupa mkusanyiko ule jina lake, nikaandika HAMISHA. Sikufikiri, kaka. Niliona tu kwamba herufi zinatosha.

Nikaja kufikiri mchana wa kuitumia, Ndugu Luhaga akiwa amesimama nyuma yangu na soksi zake. Neno lilikuwa linawaka mbele yangu, na kidole kikawa kizito. Nilisikia injini za malori, nikasikia mabati na vyungu vikigongana, kama siku ile tuliyohamishwa. Halafu nikabonyeza. Majina yakapanda juu ya kioo mbio kuliko jicho, na dakika haikuisha kabla hayajakoma. Nilipoita orodha mpya zikaja namba tupu, safu baada ya safu. Na katikati ya namba hizo limesimama jina moja: MWANDULY.

Sababu yake ni rahisi. Watu wa Igombya na sisi wa Mwandulya tulipelekwa kijiji kimoja, Mshikamano, kwa hiyo nilikuwa nimeyapa mafaili mawili namba moja. Igombya walitangulia wakaichukua. Mashine haiwezi kuwa na mafaili mawili ya jina moja mahali pamoja, ikalikataa la kwetu na kuliacha lilipokuwa. Nikageuka kumweleza Ndugu Luhaga kwamba nitaongeza herufi moja mwishoni mwa namba na mambo yataisha. Hakuwepo. Alikuwa ametoka nje bila viatu, viatu vyake vimebaki mlangoni.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha, naye hakuwa nayo. Kila asubuhi alikuja, akasimama kizingitini, akauliza kama lile jina bado lipo. Nami sikuligusa, sijui kwa nini. Nilijiambia nina kazi nyingi. Umeme ukikatika nikawa nasikia kikohozi nyuma yangu, kile kikavu cha bibi alipokuwa akivuta kiko, cha mara mbili kisha kimya. Nilijiambia ni kiyoyozi kinapoa. Nikaanza kuja na rozari mfukoni, na umeme ukizima natoka kusimama juani na wauza samaki mpaka urudi.

Hapa inanibidi niandike jambo unalolijua kuliko mimi, kwa sababu katika miaka yote hii sijawahi kukusikia ukilisema. Siku malori yalipokuja Mwandulya, mimi na mama tulipandishwa la kwanza pamoja na vyombo. Nilikuwa mtoto, nilifurahi kupanda gari. Wewe ulibaki umlete bibi Nyanzobe kwa lori la pili. Lori la pili lilifika Mshikamano wakati wa jua la utosi, ukashuka peke yako. Ulimwambia mama kwamba bibi alikuamuru upande, akasema anakuja. Hakuja. Baada ya siku chache mama alirudi kwa miguu, akakuta nyumba haina paa na jiko limepoa. Wengine walisema walimwona bibi akielekea ziwani. Wengine wakasema fisi. Wengine walitufariji kwamba amevuka kwenda kwa ndugu zake Ukerewe, na mama alikwenda mpaka Ukerewe akarudi.

Hakuna aliyekulaumu, kaka, lakini pia hakuna aliyekwambia neno, na naona sasa kwamba kimya chetu ulikisikia kama lawama. Ulichaguliwa chuo cha Butimba, hapa hapa mlangoni, ukaomba ubadilishiwe uende kusini. Mama alielewa. Alisema mtoto amekwenda mahali ambapo hakuna atakayemuuliza bibi yuko wapi.

Sasa nirudi kwa Ndugu Luhaga. Mwishoni mwa Juni aliingia chumbani, safari hii na viatu vyake, akaniambia nilifute lile faili. Nikamwambia siwezi, kwa sababu mle mna kisima ambacho hakijakauka hata mwaka wa njaa, na kwa sababu hapo ni kwetu. Kwenye karatasi za ajira nimeandikwa mtu wa Mshikamano, kwa hiyo hakuwa akijua. Akaniuliza kwetu kwa nani. Nikamjibu kwa Malimi, na kwamba mimi ni mjukuu wa Nyanzobe. Mzee yule aliketi juu ya boksi la karatasi. Kisha akaniomba msamaha kwa kunisumbua kazini, akatoka. Wiki nzima hakuonekana. Tukaambiwa anaumwa.

Aliporudi alikuwa amekonda usoni. Jumamosi moja asubuhi aliniomba nifuatane naye kwa gari, akasema ana kitu cha kunionyesha ambacho hawezi kukisema ofisini. Niliogopa, lakini nilikwenda. Aliendesha mwenyewe. Kabla ya kupanda alizunguka nyuma kama kawaida yake, akafungua, akatazama. Tulishika barabara ya Shinyanga, tukaipita Buhongwa, na mbele kidogo akaliegesha gari kando ya mawe makubwa ambayo unayakumbuka, yale yaliyopandana kama watu wanaobebana. Hapo ndipo aliponieleza, akitazama mbele, mikono yake ikiwa kwenye usukani.

Alisema yeye ndiye aliyesimamia malori ya Mwandulya siku ile. Lori la pili lilipoondoka alibaki na Landrover na dereva wake, Antoni, kuhakikisha hakuna mtu aliyesalia. Wakamkuta mwanamke mzee yuko kisimani peke yake, anajaza kibuyu. Luhaga akamfokea aache. Bibi akamtajia jina lake, akamwambia asubiri kijae. Akasema mjukuu wake wa kiume ameshinda juani tangu alfajiri akipakia mizigo ya watu, hajanywa maji, na yeye amemtanguliza ili asipoteze nafasi kwenye lori, atamkuta na maji huko huko.

Alimalizia kujaza, akaziba kibuyu, akapanda nyuma ya Landrover kwa miguu yake. Hakuna aliyemvuta, kaka. Alikuwa anakuja.

Luhaga alitakiwa mjini kwenye kikao cha kutoa taarifa ya uhamisho. Badala ya kumfikisha kwanza Mshikamano, aliamua kumpitisha mjini, amrudishe jioni. Njiani Antoni alisikia bibi anahema vibaya. Akaomba wakate kona kwenda zahanati ya misheni. Luhaga akakataa kwa sababu ya kikao. Antoni akaomba tena, akakataa tena. Walipofika kwenye yale mawe Antoni alisimamisha gari bila ruhusa, akaenda kufungua mlango wa nyuma. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, ameketi vile vile, kibuyu kimesimama katikati ya magoti yake, hakikumwagika hata tone.

Walimzika nyuma ya mawe. Luhaga akamwamuru Antoni anyamaze, na kwenye kikao akasema watu wote wa Mwandulya wamefika salama. Antoni alifariki miaka michache baadaye, hakuwahi kusema. Luhaga akaniambia kwamba tangu siku ile, gari lolote analopanda, husikia nyuma yake maji yakitikisika ndani ya kibuyu, na likipanda mlima huyasikia zaidi. Ndiyo maana hufungua mlango na kutazama. Akasema pia kwamba aliomba mwenyewe kuhamishiwa mradi wa maji, akidhani atapumzika.

Alinipeleka nyuma ya mawe. Pana rundo la mawe madogo, na pembeni yake kuna uzio wa minyaa ambao ameuotesha yeye, umekuwa mrefu kunizidi. Nilisimama pale nikafikiri kwamba mimi na mama tumepita barabara hiyo kwa basi mara nyingi, mama akiwa dirishani, na bibi akiwa umbali wa kutupa jiwe. Luhaga akaniita mwanangu. Nikamwambia asiniite hivyo. Alitaka kunirudisha mjini, nikakataa, nikatembea kwa miguu hadi Buhongwa nikilia hadharani kama mtoto mdogo, watu wakinitazama.

Siku tatu sikuweza kula. Nilimchukia mtu yule, na wakati huo huo nilikuwa na furaha ambayo niliionea aibu, kwa kuwa nilijua nitakuandikia. Lakini mama ilibidi ajue kwanza.

Nilimwambia akiwa anachambua choroko. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama yule mtu yuko tayari kuyasema hayo mbele ya ukoo. Nikarudi kumuuliza Luhaga, akasema yuko tayari, na akaja Mshikamano mwenyewe, bila dereva. Aliyasema yote akiwa amesimama, hakukataa swali. Baba mdogo Chenge alinyanyuka na fimbo. Mama akasimama katikati, akamwambia akae chini, kwamba miaka yote hii tumetafuta mtu mmoja tu anayejua, na sasa tukimfukuza tutarudi tulikokuwa. Chenge alikaa, lakini hajazungumza na mama tangu siku hiyo. Nakuambia hili ili usidhani kila kitu kimekuwa shwari. Wapo wanaosema mama amekuwa mlaini. Luhaga ameacha kazi, amekwenda polisi mwenyewe wakaandika maelezo yake, na yatakayofuata huko hatuyajui.

Mradi umepata mratibu mwingine, kijana. Aliuliza kwa nini jina moja limebaki katikati ya namba. Nikaongeza herufi moja mwishoni mwa namba ya Mshikamano, nikalibadilisha faili la kwetu mwenyewe, mchana, kwa amri moja tu ya REN. Umeme ulikatika jioni ile, nikabaki nimeketi kwenye kiti changu mpaka ukarudi, na sikusikia kitu.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kwenye mawe. Luhaga alisimama mbali, barabarani, kama mama alivyomtaka. Mama alivua kandambili, akapiga magoti na lile goti lake bovu, akaweka kiganja juu ya mawe. Nilidhani atalia. Alizungumza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemletea mama mkwe wake habari za nyumbani. Akamwambia yeye ni Teodora. Akamwambia Odeta amekuwa mtu mzima na anafanya kazi mjini. Halafu akasema: “Na Mihayo alifika. Alifika siku ile ile, mzima. Watu wa Igombya walimpa maji.”

Kaka, mimi sikuwa nikijua kwamba watu wa Igombya walikupa maji. Mama alikuwa anakumbuka, miaka yote hiyo.

Wazee wamekubaliana tumhamishe bibi, alale Mwandulya karibu na babu na baba, mwezi wa tisa kabla ya mvua za vuli. Pale kwetu siku hizi pana malisho ya ng'ombe tu, na kisima kipo, wachungaji wanakitumia. Mama amesema jiwe halinyanyuliwi hata moja mpaka uwepo. Nilimwuliza tufanye nini kama hutaweza. Akasema basi tutasubiri mwaka mwingine, na mwingine, bibi mwenyewe hana haraka.

Amenipa ujumbe wake nikuandikie neno kwa neno, nami naufikisha kama alivyoutoa: “Mwambie alitumwa na bibi yake, akaenda. Hakumwacha mtu nyuma.” Nilipotaka kuongeza maneno yangu ya kukubembeleza alinikataza, akasema hayo yanatosha.

Kwa hiyo nangoja telegramu yako tu. Ukija kwa treni, andika siku utakayopanda Dar es Salaam, nami nitakuwa stesheni, hata kama itachelewa kama inavyochelewa siku zote. Ukikosa likizo, omba ya msiba, maana ni msiba kweli, ila umechelewa kutufikia.

Wanakusalimu mama Teodora, shangazi wa Igombya ambaye siku hizi ni jirani yetu wa ukuta, na watoto wa Chenge ambao hawajawahi kukuona, lakini wanakuuliza. Chenge mwenyewe hakutuma salamu, ila nilipomwambia nakuandikia alisubiri kidogo, akasema treni ya Jumanne ndiyo isiyojaa sana. Fikisha salamu zetu kwa walimu wenzako na kwa yeyote anayekupikia huko. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,

Odeta Malimi